Kutoka London hadi Paris: Namna ya Kuchagua Kati ya Treni, Basi na Gari

Anayetaka kwenda Paris kutoka London bila kupanda ndege ana njia tatu: treni ya Eurostar inayopita chini ya bahari, basi linaloondoka Victoria, na gari, liwe lake au la kukodi. Wengi huzilinganisha kwa vipimo viwili tu, yaani nauli iliyoandikwa kwenye tangazo na saa ambazo chombo hukaa njiani, kisha hushangaa pale safari iliyoonekana rahisi inapowagharimu mara mbili ya walivyokadiria. Nauli ya tangazo ni ya mtu mmoja aliyenunua tiketi mapema kwa siku isiyo na wasafiri wengi. Saa za njiani nazo hazihesabu foleni ya pasipoti, safari ya kufika stesheni, wala kuzunguka mitaa ya Paris ukitafuta pa kuegesha. Ulinganisho wenye manufaa huanza na mambo matatu: hati ulizo nazo, idadi yenu, na siku zilizobaki kabla ya kuondoka. Kwa maoni yangu idadi ya watu ina uzito kuliko mengine yote, lakini hati hutangulia, kwa kuwa asiye na hati halali hana cha kulinganisha.

Hati kabla ya nauli

Uingereza haijawahi kuwamo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mpaka kati ya London na Paris ni mpaka kamili, wenye maofisa wa uhamiaji wa nchi zote mbili. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anahitaji viza ya Schengen ili aingie Ufaransa, hata kama ana viza hai ya Uingereza. Na ile ya Schengen, kwa upande wake, haimfungulii mlango wa London. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yanapaswa kuwasilishwa si chini ya siku 15 kabla. Usizitegemee siku hizo 15, hasa unapokaribia msimu wa kiangazi, kwa sababu kinachochelewesha mara nyingi ni kupata miadi ya kupeleka maombi, hata kabla hayajaanza kushughulikiwa.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa wageni kutoka nyumbani Afrika waliokuja kutembelea ndugu katika nchi zote mbili. Tuseme mtu ameruka kutoka Dar es Salaam hadi Paris kwa viza ya Schengen ya kuingia mara moja, akakaa siku chache, akapanda treni kwenda London, na tiketi yake ya ndege ya kurudi nyumbani inaanzia Paris. Alipotoka Ufaransa kwenda London, viza yake ilikwisha kazi, hata kama tarehe zilizoandikwa juu yake bado hazijafika. Anayepanga mzunguko wa namna hiyo aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo, au apange ndege ya kurudi ianzie London. Hakuna chombo kati ya hivi vitatu kinachoweza kumwokoa na kosa hilo.

Waliohamia Uingereza nao wana la kuangalia. Kadi za plastiki za ukaazi zimeondolewa, nyingi zikiwa zimeandikwa kwamba muda wake unakwisha tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi ya ukaazi huhifadhiwa kielektroniki ikiwa imeunganishwa na pasipoti. Aliyepata pasipoti mpya asiisajili kwenye akaunti yake ya uhamiaji mtandaoni anaweza kutoka London bila shida, kisha akakwama Paris au Calais siku ya kurudi.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025, Umoja wa Ulaya ulianza kusajili wageni wa muda mfupi kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya mhuri wa kwenye pasipoti. Ukaguzi wa Ufaransa hufanyika kabla ya kuondoka, ndani ya ardhi ya Uingereza: stesheni ya St Pancras kwa wasafiri wa treni, Folkestone kwa wanaopita na gari chini ya bahari, na bandari ya Dover kwa wanaopanda feri. Jambo hili lina faida yake, kwa sababu ukishafika Ufaransa unashuka na kwenda zako bila kupanga foleni nyingine ya pasipoti, na mwenye tatizo la hati hugundua angali London. Hasara yake ni kwamba foleni hiyo imo ndani ya muda wako wa kuondoka, na chombo hakikusubiri.

Treni: haraka, lakini bei yake inakimbia

Njia ya chini ya bahari ilifunguliwa rasmi tarehe 6 Mei 1994 na Malkia Elizabeth II pamoja na Rais François Mitterrand. Ina urefu wa takriban kilomita 50, na karibu kilomita 38 kati ya hizo ziko chini ya sakafu ya bahari. Treni za abiria zilianza Novemba mwaka huohuo zikitokea Waterloo, na tangu Novemba 2007 zinatokea St Pancras. Zikiwa nchi kavu hufikia kilomita 300 kwa saa, ilhali ndani ya handaki hupunguza mwendo hadi 160 hivi. Safari nzima huchukua takriban saa 2 na dakika 20, na treni hukuacha Gare du Nord, ambapo unaweza kuteremka moja kwa moja kwenye njia za metro namba 4 na 5 au treni za vitongoji za RER B na D.

Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika, na Paris iko mbele ya London kwa saa 1. Treni inayoonyesha kuondoka 10:30 na kufika 13:50 haitumii zaidi ya saa 3 kama inavyoonekana. Wakati wa kurudi mambo hugeuka, na treni huonekana kama imetumia saa 1 na dakika 20 tu. Anayelinganisha treni na basi kwa kutazama saa za kuondoka na kufika peke yake atapotoka kwa saa nzima.

Hesabu muda wako kuanzia mlango wa nyumba hadi mlango wa unakokwenda. Kwa mkaazi wa London anayehitaji dakika 40 kufika St Pancras, ongeza dakika 75 za kukaguliwa mizigo na pasipoti, saa 2 na dakika 20 za safari, na nusu saa ya metro upande wa pili: jumla ni kama saa 4 na dakika 45. Anayetoka Milton Keynes ana bahati, kwa sababu treni yake humfikisha Euston, na kutoka hapo hadi St Pancras ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Anayetoka Reading hufikia Paddington na lazima aunganishe. Mwenye nyumba Ashford, katika mkoa wa Kent, ana haki ya kulalamika, kwani treni hupita karibu na dirisha lake bila kusimama: stesheni za Ashford na Ebbsfleet ziliachwa mwaka 2020, na mtu huyo analazimika kwanza kupanda kwenda London ili apitishwe tena kwao. Kwake yeye gari huwa na hoja nzito.

Kuhusu mizigo, treni ndiyo yenye ukarimu kuliko usafiri mwingine wa umma katika njia hii. Tiketi ya kawaida huruhusu masanduku 2 yasiyozidi sentimita 85 kwa urefu pamoja na mfuko mmoja wa mkononi, wala hakuna mizani ya kupima kilo. Wageni wanaokuja na masanduku yaliyojaa kanga, unga na zawadi za jamaa wataliona jambo hili kuwa na thamani ya pauni nyingi. Sharti ni uweze kuyainua mwenyewe, maana hakuna mchukuzi wa kukuwekea kwenye rafu. Visu vya jikoni haviruhusiwi, hata kama ni zawadi ya harusi iliyo kwenye boksi lake. Mtoto aliye chini ya miaka 4 husafiri bure akipakatwa, lakini hapewi kiti chake.

Sasa bei. Nauli ya treni hupanda kadiri viti vinavyojaa, na tofauti kati ya aliyenunua mapema na aliyenunua dakika za mwisho si ndogo. Tiketi iliyouzwa kwa pauni 50 au 60 miezi miwili kabla inaweza kuvuka pauni 200 siku ya safari. Siku za Ijumaa jioni na Jumapili alasiri ni ghali, na wakati wa likizo za shule ni ghali zaidi. Jumanne na Jumatano katikati ya mchana ni nafuu. Kwa hiyo kabla ya kusema kwamba treni ni ghali, jiulize ni treni ipi na umenunua lini. Ukinunua mapema kwa siku isiyo na pilika, sioni sababu ya mtu mmoja au wawili kuchagua usafiri mwingine.

Basi: nafuu, kwa masharti

Mabasi ya kwenda Paris, yakiwemo ya FlixBus na BlaBlaCar Bus, huondoka Victoria Coach Station. Angalia anwani hiyo kwa makini, kwa kuwa kituo cha mabasi kiko umbali wa kutembea dakika kadhaa kutoka stesheni ya treni ya Victoria, na kuna watu wamekosa basi wakisubiri mahali pasipo pake. Upande wa Paris, mabasi mengi yamezoea kushusha Bercy Seine, karibu na metro namba 6 na 14, lakini vituo hubadilishwa, kwa hiyo soma kile kilichoandikwa kwenye tiketi yako. Safari huchukua kati ya saa 8 na 10 kutegemea kivuko na msongamano. Nauli mara nyingi huwa kati ya pauni 25 na 45, nayo pia hupanda, ila haipandi kwa kasi ya treni. Hapa ndipo basi linapopata umuhimu: aliyepigiwa simu leo kwamba kuna msiba au sherehe Paris kesho kutwa atakuta treni imefika bei ya kutisha, wakati basi bado linapatikana kwa kiasi ambacho mtu wa kawaida anaweza kukitoa mfukoni.

Basi la usiku linavutia kwa sababu linaokoa gharama ya kulala hotelini usiku mmoja. Hata hivyo ni vizuri kujua usiku huo unavyokuwa. Basi huondoka Victoria watu wakiwa wachangamfu, na baada ya saa mbili hivi abiria wengi wakishasinzia, dereva huwasha taa zote na kutangaza kwamba wamefika Dover. Kila mtu hushuka na pasipoti mkononi, na mara nyingine na mfuko wake, akapanga foleni katika chumba chenye mwanga mkali na upepo wa baharini mlangoni. Ofisa wa Kifaransa huuliza unakwenda wapi, utalala wapi na una tiketi ya kurudi au la. Basi likivuka kwa feri, abiria hawaruhusiwi kubaki ndani yake. Hupanda ngazi hadi kwenye kumbi za juu, na wanapaswa kukumbuka namba ya sitaha na rangi au namba ya ngazi waliyopandia, kwa sababu mabasi yaliyoegeshwa chini hufanana na tangazo la kurudi likitoka hakuna muda wa kuzunguka ukiulizia. Kuvuka huchukua dakika 90 hivi. Likivuka kwa treni ya magari ya Folkestone, abiria hukaa ndani ya basi na muda ni dakika 35.

Mwenye hati zenye maswali mengi afikirie mara mbili kabla ya kuchagua basi. Abiria mmoja akiitwa pembeni kuhojiwa kwa muda mrefu, basi lenye nafasi iliyopangwa kwenye feri linaweza kuondoka bila yeye, na hapo yuko Dover, usiku wa manane. St Pancras, kinyume chake, iko katikati ya mji, na aliyekosa treni ana pa kurudi. Beba kwenye karatasi uthibitisho wa malazi au barua ya mwenyeji, bima ya safari, na tiketi ya kurudi, hata kama vyote vimo kwenye simu. Simu huisha chaji kwa wakati mbaya.

Mizigo ya basi ina mipaka. FlixBus, kwa mfano, hujumuisha katika nauli sanduku moja la hadi kilo 20 na mfuko mmoja mdogo, na la ziada hulipiwa. Familia yenye masanduku manane itakuta unafuu wa nauli umeliwa na mizigo. Wazee, wajawazito na watoto wadogo ningewashauri wapande la mchana, au waliache basi kabisa.

Gari: bei ya chombo, si ya mtu

Umbali wa barabara ni kama kilomita 460. Kutoka London unafuata barabara ya M20 hadi Folkestone, unatoka kwenye njia ya kutokea namba 11A, na gari huingia ndani ya mabehewa ya LeShuttle, ile treni ya kubeba magari chini ya bahari, ambamo wewe na abiria wako mnakaa humohumo garini kwa dakika 35 hadi Coquelles, karibu na Calais. Mbadala ni feri za Dover, ambazo mara nyingi ni nafuu zaidi na humpa dereva dakika 90 za kunyoosha miguu na kula. Kutoka Calais unashika A26, kisha A1 hadi Paris, mwendo wa saa 3 hivi barabara ikiwa wazi. Ukijumlisha saa 2 za kutoka London, saa 1 ya kuwahi na kukaguliwa, na mapumziko mafupi, hutafika chini ya saa 7.

Jambo la kuelewa ni kwamba LeShuttle na feri hutoza gari, na abiria waliomo hawaongezi bei ya LeShuttle mradi wasizidi 9. Kwa hiyo kila anayeongezeka humpunguzia mwenzake mzigo. Dereva wa peke yake hulipia viti vitupu.

Wengi wetu tuliojifunza kuendesha Tanzania, Kenya au Uganda tunaiona Uingereza kuwa rahisi, kwa kuwa huko nako magari hupita kushoto. Ufaransa hupita kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo. Hatari kubwa haiko kwenye barabara kuu, ambako unafuata wenzako. Iko asubuhi unapotoka kituo cha mafuta kisicho na watu na mkono wako kwa mazoea ukaelekea kushoto. Mzunguko wa barabara huingiwa kwa kuelekea kulia, na mahali pasipo alama, gari linalotokea kuliani lina haki ya kupita kwanza, hata likitokea kwenye kijitaa kidogo. Mzunguko wa Arc de Triomphe hufuata kanuni hiyohiyo, ambapo wanaoingia ndio wenye haki, na sijui kwa nini mgeni yeyote angetaka kuijaribu huko.

Tozo za barabara hulipwa kwa utaratibu wa tiketi: unachukua kikaratasi baada ya kuondoka Calais, na unalipa kwenye lango la Chamant, karibu na Senlis, zaidi kidogo ya euro 20 kwa gari dogo. Mashine iko upande wa kushoto wa gari, ambako kwenye magari ya Ufaransa ndiko aliko dereva. Kwenye gari la Uingereza upande huo ni wa abiria, kwa hiyo anayekaa mbele ndiye mhasibu wa safari. Awe na kadi tayari mkononi. Dereva aliye peke yake hulazimika kujinyoosha juu ya kiti au kushuka na kuzunguka, huku nyuma yake honi zikianza. Anayetokea kaskazini mwa London na kupita Dartford, kivuko cha Mto Thames, ana tozo nyingine isiyo na lango lolote. Hulipwa mtandaoni kabla ya usiku wa manane wa siku inayofuata, na anayesahau huletewa faini nyumbani. Gari lisilokidhi viwango vya moshi hulipa pauni 12.50 kwa siku ndani ya London, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 kanuni hiyo imeenea mitaa yote ya jiji.

Sheria ya Ufaransa inataka gari liwe na fulana ya kung'aa inayofikika bila kushuka na pembetatu ya tahadhari. Gari la Uingereza liwe na alama ya UK na vibandiko vya kuelekeza mwanga wa taa ili usiwapige macho wanaokuja. Mwendo wa juu kwenye barabara kuu ni kilomita 130 kwa saa, na mvua ikinyesha hushuka hadi 110. Barabara ya duara inayoizunguka Paris imepunguzwa hadi 50 tangu Oktoba 2024, na mitaa mingi ya ndani ni 30. Agiza stika ya Crit'Air, inayoonyesha kiwango cha moshi cha gari, mtandaoni wiki kadhaa kabla, kwa kutumia tovuti ya serikali ya Ufaransa na si ya madalali wanaotoza mara kadhaa ya bei yake.

Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya iliyoandikwa kwa Kiingereza achukue kibali cha kimataifa cha kuendesha kabla ya kuondoka nyumbani, kwani Ufaransa hutaka leseni iliyoandikwa kwa Kifaransa au iliyoambatana na tafsiri. Gari la kukodi linahitaji ruhusa ya maandishi ya kampuni ili litoke Uingereza, na ruhusa hiyo huwa na malipo yake. Kulikodi London na kuliacha Paris kwa kawaida ni ghali mno kiasi kwamba halifai kuingizwa kwenye ulinganisho.

Na chakula. Ni marufuku kuingiza katika Umoja wa Ulaya nyama na vyakula vya maziwa kutoka Uingereza, na kwenye gari ndiko watu hujaza vyombo vya pilau na sambusa kwa ajili ya jamaa. Tangu Aprili 2025 Uingereza nayo ilizuia wasafiri kuleta nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe pamoja na jibini kutoka Ulaya. Sambusa za dengu hazina tatizo hilo.

Kupiga hesabu

Chukua karatasi na uandike safari ya kwenda na kurudi, kwa bei ulizozikuta siku hiyo. Natumia hapa bei za mfano: treni pauni 70 kila upande, basi pauni 35, LeShuttle pauni 120 kwa gari. Mafuta ya kwenda na kurudi tuyaweke pauni 90, tozo za barabara pauni 40, na maegesho ya siku tatu Paris pauni 90. Kwa hiyo gari ni pauni 460, wawe mmoja au watano. Mtu mmoja hulipa 140 kwa treni na 70 kwa basi. Watu wawili hulipa 280 kwa treni, bado chini sana ya gari. Watatu hulipa 420, na wanne 560. Mtu wa nne ndiye anayeigeuza hesabu ya treni na gari. Lakini basi la watu wanne ni pauni 280, kwa hiyo anayetazama fedha peke yake hatafika kwenye gari hata wakiwa sita.

Rudia hesabu hiyohiyo ukidhani umechelewa kununua na treni imefika pauni 150 kila upande. Wawili sasa ni pauni 600, na gari limekuwa nafuu kabla hata ya mtu wa tatu. Ndiyo maana swali la siku zilizobaki haliwezi kuachwa nje.

Muda nao una bei. Basi limeokoa pauni 70 kwa mtu mmoja kulinganisha na treni, lakini limemla kama saa 5 za ziada kila upande, yaani saa 10. Hiyo ni pauni 7 kwa kila saa, ilhali kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Mfanyakazi anayekosa zamu kwa ajili ya basi hupata hasara. Mwanafunzi aliye likizo, au anayelala ndani ya basi la usiku na kuokoa hoteli ya pauni 90, hupata faida. Nauli ni ileile kwa wote wawili, na jibu si moja.

Swali la mwisho katika hesabu ni mahali hasa unapokwenda. Mwenyeji wako akiwa ndani ya Paris, gari litakuwa mzigo tangu utakapolizima injini; metro hufika kila kona. Akiwa Beauvais, mji ulio mbali nje ya Paris, au kijiji ambako basi la jioni ndilo la mwisho, gari linarudi kuwa na maana. Wapo wanaoliacha kwenye maegesho ya stesheni ya pembezoni na kuingia mjini kwa RER, na kwa familia kubwa huo ndio mpango ninaouona kuwa wa busara zaidi.

Usifunge ratiba kwa kukaza sana, kwa chombo chochote. Tarehe 7 Machi 2025 bomu la Vita Kuu ya Pili lilifukuliwa karibu na reli za Gare du Nord, na treni zote zikasimama hadi lilipoteguliwa. Treni ikichelewa dakika 60 au zaidi, kanuni za Ulaya humpa abiria fidia ya angalau robo ya nauli, na ikizidi saa 2, nusu yake. Hifadhi tiketi na upeleke madai. Mwenye gari hana wa kumdai, lakini anaweza kubadili njia na kukimbilia feri.

Tiketi za treni na basi huuzwa kwa kila upande peke yake, na kwa kawaida kununua mbili tofauti hakuna adhabu. Tumia nafasi hiyo. Aliyepata treni ya bei nafuu Jumatano asubuhi, akakuta ya kurudi Jumapili jioni imepanda kupita kiasi, aangalie kwanza treni ya Jumatatu mchana, kisha basi la usiku wa Jumapili, ambalo humfikisha Victoria asubuhi na mapema. Kabla ya kulipa, ahakikishe ukaguzi wa Calais na foleni zake havitamfanya achelewe kazini.